Printa Chini ya Shuka

Nimeambiwa niandike habari za binti wa kaka yangu, na aliyeniambia anajua fika kwamba mimi na kalamu hatuelewani. Vidole vinaniuma, mistari inapanda mlima yenyewe. Mtu mwenye huruma angeniacha nikae zangu. Lakini wakimpa mwingine ataanza na vyeti vyake na picha ya mahafali, na hayo hayamwelezi hata kidogo. Basi tulieni, nasema mara moja.

Kazini walimwita Bi Ratiba. Alisimamia watu wanaotengeneza mifumo ya kompyuta, ile inayokumbuka nani kaleta nini na kimefika wapi. Popote alipopelekwa, kabla hata hajaweka mkoba chini, alibandika ukutani duara kubwa alilolichora mwenyewe kwa wino mzito. Duara lile ndiyo maisha ya mfumo: unauliza watu wanataka nini, unachora, unajenga, unajaribu, unawasha, unatunza, ukizeeka unaustaafisha, halafu unarudi palepale kwenye kuuliza.

Safari hiyo alipelekwa kwenye kiwanda cha kufua nguo, jengo la mabati lenye joto la kutoa jasho mpaka kwenye kope. Kilifua shuka za hospitali na za nyumba za wageni. Mkuu wa wapiga pasi, mwanamke mnene mwenye mikono kama ya bondia, ambaye wote walimwita Mama Pasi, alilitazama lile duara akiwa ameshika kiuno.

"Mwanangu, hili duara lako lina mlango wa kutokea, au mkiingia ndiyo basi?"

"Halina, mama. Ndiyo maana bado nina ajira."

Walicheka, lakini Bi Ratiba mwenyewe alikuwa na hofu rohoni. Mfumo wa kwanza aliousimamia, mahali pengine, ulizinduliwa kwa vigelegele, na haukupita muda watu wakaupa mgongo, wakarudia mambo yao ya zamani. Mkurugenzi wake hakumficha. Huu nao ukikataliwa, anarudi kwenye dirisha la watu waliosahau nenosiri, alikoanzia kazi. Kukaa pale kutwa mtu mzima anakulilia kwamba amesahau jina la paka wake alilolifanya nenosiri, hapana, hakutaka kurudi.

Kwa hiyo alifanya kila kitu kwa utaratibu. Pale mapokezi ya mizigo palikuwa na kompyuta ya zamani, kubwa kama sanduku la bibi harusi, na printa yake ya kutoa tiketi za mizigo inayotoka kufuliwa kwenda kwenye pasi, yenye kelele kama inatafuna mifupa. Hiyo ndiyo ilitakiwa kustaafu. Bi Ratiba aliwaita wafanyakazi kwenye chumba cha chai, akawauliza kazi yao inakwendaje. Mashine zilikuwa zinanguruma, akaomba zizimwe na mlango ufungwe ili wasikilizane. Wakaeleza vizuri: mzigo unapokelewa, unafuliwa, unakuja kwenye meza za pasi, unakunjwa. Akaandika, wenzake wakajenga, wakajaribu, wakawasha. Siku ya uzinduzi alileta keki.

Kisha kukawa kimya. Hakuna aliyepiga simu wala aliyelalamika. Mkurugenzi alifurahi mpaka akaanza kumsifu mbele za watu, akasema Ijumaa watie saini, mradi ufungwe. Bi Ratiba alirudi nyumbani anaimba.

Jumatano jioni alikuwa sebuleni akikunja nguo, mwanawe mdogo yuko jikoni anapiga sufuria kwa mwiko. Sufuria ikanyamaza. Bi Ratiba akaendelea kukunja kidogo, kisha akasimama ghafla, maana mtoto wa umri ule hanyamazi bure. Akamkuta kakaa katikati ya unga, mweupe pepepe, anatabasamu.

Akamwosha. Lakini pale pale kwenye beseni mawazo yake yalikuwa kiwandani. Watu wazima wale wote, na mdomo wa Mama Pasi ule, wamepewa kitu kipya na hakuna hata mmoja aliyenung'unika?

Kesho yake alikwenda bila kutoa taarifa. Mapokezi, pembeni ya kompyuta mpya inayong'aa, kulikuwa na rundo la shuka chafu. Rundo lile lilikuwa linatetemeka. Krrr, krrr, krrr.

"Kaka, hiyo ni nini?" akamuuliza karani wa mapokezi.

"Bomba la mvuke, dada."

"Bomba linatafuna karatasi?"

Karani akajitia kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni kwake. Bi Ratiba akavuta shuka moja, ya pili, na hii hapa printa ya zamani, kompyuta yake nyuma yake, inatema tiketi, macho makavu. Wapiga pasi wote wakainamia meza zao kama waliodondosha sindano.

Mama Pasi ndiye aliyekuja. "Tulikuonea haya, mwanangu. Ulituletea keki."

"Na ule mfumo mpya hamjaugusa kabisa?"

"Tunaugusa. Kila asubuhi tunauandikia shuka moja, usijione mpweke."

"Shuka moja?"

"Ile ile," karani akasema kwa sauti ndogo.

Alitaka kulia akajikuta anacheka, na wao wakapata nafuu. Akawauliza ubaya wa mfumo mpya ni upi. Wakatazamana. Hauna ubaya, wakasema, una rangi nzuri. Ila ukiutumia kazi inakuwa nzito, basi tu, hawajui kwa nini.

"Wewe kesho saini," Mama Pasi akamnong'oneza. "Sisi tutaficha vizuri zaidi. Nani atajua?"

Hilo neno lilimkaa kichwani. Kweli, nani angejua? Alichukua kikapu, akakigeuza kifudifudi, akakaa kati ya meza za pasi, mashine zikiwa zinanguruma safari hii. Printa ikalia kule mapokezi. Bila kuinua kichwa, mwanamke mmoja akafungua mvuke, mwingine akaondoa nguo mezani, wa tatu akasogeza vikapu. Baadaye kidogo ndipo toroli la mizigo likatokea konani, likakuta meza zina moto. Ikalia tena, wakafanya vilevile, huku wakisengenya mtu.

Bi Ratiba akaelewa. Kelele ile ndiyo iliyokuwa inawaita. Hawakumwambia kwa sababu wenyewe hawakujua kwamba wanaisikiliza, na yeye alikuwa amezima mashine zote ili wasikilizane.

Ijumaa aliingia kwa Mkurugenzi, akaisogeza pembeni karatasi ya saini.

"Hatujamaliza, mzee. Narudi kuuliza."

"Bi Ratiba, utepe tumekata. Keki tumekula."

"Keki ilikuwa ya kuwashia, siyo ya kumalizia."

Mzee akamtazama sana. "Unakumbuka lile dirisha?"

"Nalikumbuka. Lakini nikisaini leo nitasaini uongo, na huo utanirudisha dirishani siku nyingine, tena kwa aibu."

Akampa nafasi, kwa shingo upande.

Akarudi kiwandani na wenzake, wakatundika spika juu ya meza za pasi. Ubishi ukawa mlio gani. Mmoja alitaka sauti ya ndege, Mama Pasi akakataa katakata. Hapigi pasi kama yuko bandani mwa kuku. Mwishowe Bi Ratiba akaikalisha printa ya zamani mezani kwa heshima, akairekodi. Mfumo mpya ukawa unaita kwa sauti ile ile. Siku ya kuistaafisha, Mama Pasi mwenyewe ndiye aliyechomoa waya, akaifunika kwa shuka safi, iliyopigwa pasi.

Wiki haijaisha simu zikaanza. Herufi ni ndogo. Kitufe kimekaa vibaya. Spika inakoroma. Nani kachagua rangi ya kijani kama dawa ya minyoo? Bi Ratiba alizipokea zote, akaja kwangu jioni uso umekunjuka, akanisomea malalamiko moja moja kama mtu anayesoma salamu za harusi. Mradi ulitiwa saini. Duara bado liko ukutani, na yeye anaulizauliza.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, usije kwangu na maneno ya "imependeza, bibi." Nitafutie kosa, lolote, uje uniambie usoni. Ukinyamaza nitajua hujasoma.