Niliambiwa Nivae Gauni la Kanisani Kwenda Kununua Mashine

"Hivi mwenzangu, tangu lini mashine ya mahindi inanunuliwa kwa gauni la kanisani?"

Jirani yangu ndiye aliyeniuliza, pini kaibana mdomoni. Ni fundi wa kushona. Asubuhi hiyo alikuwa ananipunguzia kiuno, maana tangu nifiwe nimekonda.

"Shemeji kasema nipendeze," nikamjibu. "Eti muuzaji ni mtu mzito, hapendi wateja waliochakaa."

"Makubwa! Mimi nikienda kununua kitu navaa kandambili zilizokatika ili nionewe huruma."

Tukacheka. Nikalipuuza swali lake, nikapanda gari.

Ndugu zangu, nisikilizeni.

Mimi ni mjane, huu mwaka wa tatu. Shule niliishia darasa la saba, ila macho Mungu alinipa mawili na yote yanafanya kazi.

Marehemu aliniachia shamba la mahindi. Tatizo ni vidole vyangu, vinavimba. Mwaka jana nilipukuchua kwa mkono, nusu ya mavuno yakaliwa na wadudu yakiwa bado magunzini.

Basi shemeji, mdogo wake marehemu, akapata wimbo wa kuimba kila kikao cha ukoo. "Shamba limemshinda. Nipeni mimi."

Msimu mmoja zaidi kama ule, na wazee wangempa. Kwa hiyo mashine ya kupukuchulia kwangu haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo shamba lenyewe.

Siku aliponiambia kuna mtu huko milimani anauza mashine kwa bei ya kutupa, na kwamba atanipeleka mwenyewe, nilipiga magoti. Nikajua moyo wake umeguswa.

Jamani, njia ile ni nzuri! Vilima vimebanana kama watoto kwenye kitanda kimoja. Alizeti huku na huku. Mto unakatiza barabara mara tatu, na kila daraja nikawa naanza pambio jipya.

Shemeji siku hiyo alikuwa asali. Kanifungulia mlango wa pikapu. Kaninunulia soda. Huyu ni mtu ambaye kwenye msiba wa kaka yake alinilalamikia kwamba chai haina sukari.

"Shemeji, unajua umependeza?"

"Angalia barabara."

Tukafika kwenye nyumba kubwa ya matofali, bati jekundu. Mwenyeji akatoka anatafuna kijiti, kucha ndefu, nyeusi chini yake kama kachimba kaburi kwa mikono. Shemeji alimwita Tajiri.

Hakunisalimia. Alinizunguka. Sitanii, alinizunguka kama mtu aliyefika mnadani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Debe mbili anabeba?"

"Hata tatu," shemeji akajibu, mimi nimesimama pale pale.

"Anaamka saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo. Mtu wa sala huyu."

"Maradhi?"

"Vidole tu, tena wakati wa baridi."

Tajiri akanishika mkono, akanibinya kiganja kwa kidole gumba. Kucha ikaniachia mstari mweusi. Nikajifuta kwenye gauni mbele ya macho yake, wala sikujificha.

Nikajisemea, labda mashine ni nzito, anataka kujua kama nitaiweza. Ndivyo nilivyofikiri, akili yangu yote.

"Mashine iko wapi, baba?"

Wakatazamana.

"Mwanamke na mashine wapi na wapi?" akasema Tajiri. "Tuingie tule kwanza."

"Mimi nimekuja kuona mashine."

Akanipeleka kwenye kibanda huku akiburuta miguu, akavuta turubai. Mashine ya bluu, rangi bado inanata.

Lakini harufu! Nilimuuguza mume mwenye kidonda miezi minane. Nyama iliyokufa naijua hata ukiipaka rangi.

Mkanda ulikuwa wazi, hauna kifuniko. Nikainama. Pembeni ya gurudumu linalozungusha mkanda kulikuwa na kitambaa kimejisokota, kigumu kwa grisi, maua ya njano. Katikati ya mikunjo yake kulikuwa na vitu vyeusi vilivyokaukia, na inzi wamekaa juu yake kama wako kwao.

Grisi haiiti inzi.

"Hiki nini?"

"Tambara la kufutia." Akatema kipande cha kijiti karibu na kiatu changu. "Twende tukale."

Sebuleni akaingia mwanamke, kaniletea maji. Gauni lake lilikuwa la maua ya njano, limefuliwa mpaka limefifia. Upande wa kulia gauni lilikuwa limekatwa na kushonwa pale begani. Mkono wenyewe haukuwepo.

Nikaiweka glasi ya maji chini, sijamaliza.

"Usimshangae," Tajiri akasema. "Mke wangu huyo. Uzembe wake tu. Mashine haina kosa, mpaka leo ukiwasha inaitika."

Shemeji akacheka. Alikuwa anafyonza mfupa, mafuta yanamchuruzika kidevuni. Nikamwomba Mungu nisitapike kwenye zulia la watu.

Mwanamke akanigusa bega. "Dada, njoo nikuonyeshe."

Nikadhani choo. Nikashukuru.

Akanifungulia chumba. Kitanda kimetandikwa, ndoo mpya iko chini, na msumari ukutani wa kutundikia nguo.

"Hiki chako," akasema. "Shuka nimezifua jana kwa huu mkono mmoja. Kama hazijatakata, unisamehe."

"Changu kivipi?"

Akanigeukia. "Hawakukwambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Mashine inaondoka na shemeji yako. Wewe unabaki. Wamepatana tangu mwezi uliopita." Akashusha sauti. "Mimi siwezi tena kulima. Anataka mwenye mikono miwili."

"Na wewe ukakubali?"

"Kwani nani aliniuliza?"

Dirishani niliona vibarua wawili wanaisukumia mashine kwenye pikapu. Shemeji hakuwa amengoja hata nimalize maji.

Nikarudi sebuleni.

"Shemeji, inuka unirudishe nyumbani."

"Mbona haraka hivyo? Zoea kwanza. Utatunzwa hapa. Mjane peke yake ni nyumba isiyo na mlango."

"Na shamba langu?"

Akajipangusa kidevu kwa kiganja, akakipaka kiganja kwenye suruali. "Wewe utakuwa huku. Nani ataliangalia kama si mimi?"

Kumbe! Mashine yake, shamba lake, na mimi ndiye malipo.

"Nimeosha vidonda vya kaka yako," nikamwambia, "nimetoa funza kwa mikono hii, sikutapika. Leo nakutazama wewe unavyokula, natamani kutapika. Umenipamba ukanileta kama mbuzi wa kubadilishana."

"Mwanamke, punguza sauti," Tajiri akasema. "Hapa si kwako."

"Ndicho ninachosema, baba. Hapa si kwangu."

Somo nitaliweka hapa hapa, maana kilichofuata hakikuwa na maneno ya kufundishia.

Wajane wenzangu, mtu aliyekunyima hata pole akikugeukia ghafla na soda, inywe ukitaka, lakini muulize safari hii nani anamlipa nani. Mimi nilisali na kuimba njia nzima, macho ya akili nimeyafumba, na Mungu alikuwa ananionyesha kila kitu wazi. Kusali ni lazima, na kutazama ni lazima.

Nilifika kwangu jioni kwa lori la mbao nililolisimamisha barabarani. Kesho yake niliwaeleza wazee wa ukoo yote, na shemeji akashindwa kukana mbele yao, maana mashine ilikuwa uani kwake. Wakaandika kwamba shamba ni langu. Mahindi bado napukuchua kwa mkono. Vidole vinauma, lakini ni vyangu.

Sasa mwisho wenyewe.

Tajiri alipoona sinyamazi, alimgeukia mke wake. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai.

"Wewe! Umemwambia nini huyu?"

Tajiri akapiga meza.

"Nakuuliza wewe! Mkono umekatika, na ulimi umekatika?"

Shemeji akacheka tena, mdomo umejaa.

Mwanamke akaliweka birika sakafuni, polepole, lisimwagike. Akaitazama mifupa mezani. Akamtazama mume wake usoni, mara moja tu, kama mtu anayehakikisha hajasahau kitu. Akavaa ndala zake.

"Unakwenda wapi? Ala! Si nasema na wewe?"

Akapita katikati yao, akatoka, nami nyuma yake.