Mchumba Wangu Anadhani Nimemsamehe

Admin, nifiche vizuri. Sumbawanga ni ndogo na mama mkwe wangu mtarajiwa yumo humu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba. Mwezi huu nimepitia mafunzo ya udadisi, ile kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya utafiti. Mkufunzi wetu hakuwa na masihara. Mhojiwa akisema lolote usishtuke, usimsifu, usimlaumu. Shukuru, kisha uliza kama kuna lingine. Tulifanyishwa mazoezi wawili wawili, mwenzako anakutajia mambo ya ajabu nawe umekaza uso. Wengine waliangua vicheko, mimi wala, nikawa wa kutolewa mfano. Hata siku ya majaribio kule Pito, bibi mmoja aliwasema wakwe zake wote nami nimetulia tu. Kwa kweli nilijisikia fahari.

Siku tuliyomaliza, mchumba wangu akaja nyumbani. Ndoa yetu imeshatangazwa kanisani Jumapili moja, zimebaki mbili. Akainamisha kichwa, akasema, "Nina mtoto kule Ilemba. Nilimpata wakati nimeshakuchumbia."

Jamani, mdomo ukajisemea wenyewe, "Asante kwa kunieleza. Kuna lingine?"

Kumbe lipo.

"Kwa mama yake bado naenda. Ila nitaacha."

Nikashukuru tena. Moyo unawaka, uso mkavu. Yeye akalia, akanishika mikono, akasema hajawahi kuona mwanamke mwenye moyo kama wangu. Kesho yake mama mkwe akapiga simu, hata shikamoo yangu hakuisubiri. "Mwanangu, umenitua mzigo. Mtoto tutamleta harusini ashike maua."

Nikajibu, "Sawa, mama."

Tangu hapo sikai nikatulia. Nafua hata nguo zilizo safi. Nina hasira naye, lakini akitokea tu mlangoni, uso wangu unarudi kule kule mafunzoni. Ukoo mzima unanisifu kwa msamaha ambao sijautoa. Jumapili hii linasomwa tangazo la pili, Jumatatu naondoka na timu kwenda Kaoze kuanza kazi.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Naanzia wapi kukasirika leo wakati nilishasema asante? Na mkiona nimenyamaza kwenye komenti, msidhani nimekubali.