Tuliambiwa jogoo ndiye aliyemtoa mke wangu jicho utotoni, mpaka la binti yetu lilipong'aa

Wakuu, poleni na kazi. Niko hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, natengeneza injini za boti. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mke wangu Furaha ni mzaliwa wa Fizi, kule juu milimani. Ana jicho moja. Kwao walisema jogoo alimdonoa akiwa anatambaa, na mimi sikuwahi kuwaza zaidi.

Tukapata binti, Neema.

Siku moja Furaha anamnyonyesha mlangoni, akaona weupe ndani ya mboni ya jicho la kushoto. Mtoto akigeuza kichwa, unapotea. Akaniita, nikauona. Tukaenda hospitali mchana huohuo.

Dokta alimulika taa, kisha akauliza:

“Katika familia kuna mutu alipoteza jicho akiwa mutoto mudogo?”

Furaha akajibu ni yeye, ila ilikuwa jogoo. Dokta akamwomba aulize tena nyumbani.

Tukapiga simu Fizi. Simu ikiwa kwenye spika, mama mkwe akamwambia Furaha ukweli.

“Haikukuwa jogoo,” akasema. “Jicho lilikuwa linangaa kama la paka, basista ba misioni bakakupeleka ku hospitali kulitosha, kulitoa kabisa. Nilisema jogoo juu batu basikuogope.”

Furaha alilia sana. Alidhani amemwambukiza mtoto. Dokta akamweleza kwamba ni kansa ya jicho na haiambukizi. Furaha mwenyewe amezaliwa na kasoro kwenye gene moja, chembe ya urithi, na kila mtoto tutakayemzaa, kuirithi ni nusu kwa nusu. Hakuna kosa alilofanya.

Tukatumwa Bukavu, kisha hospitali kubwa ng'ambo ya mpaka. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa uvimbe, wakalitoa, na baadaye wakamwekea la bandia. La kulia lilikuwa na madoa madogo tu. Wanalitibu kwa kemo, yaani dawa za kansa, na mwanga wa leza, na wanasema tumeliwahi, ataona.

Mimi nikarudi kazini. Wao wamebaki huko, maana lazima apimwe mara kwa mara.

Wakuu, nyumba imekuwa kubwa. Nasonga ugali wa kututosha wote bila kukusudia. Mtoto wa jirani akilia, mimi ndiye nasimama. Video call inakwama kila saa, uso wa Neema unaganda hata kabla hajacheka.

Juzi Furaha kaniambia Neema ameanza kutembea. Kwenye korido ya hospitali anamfuata kila mwanaume aliyevaa ovaroli ya buluu kama yangu ya kazini, anamwita baba.



Nililojifunza: ukiona weupe kwenye mboni, au jicho la mtoto linakengeza, usisubiri. Na kama mzazi alipoteza jicho utotoni, ulizeni wazee kwa upole ilikuwaje, mtoto apimwe tangu anazaliwa. Mama mkwe simlaumu, alikuwa anamkinga mwanawe.

Kuna humu aliyelea mtoto mwenye jicho la bandia? Nielekezeni linavyooshwa na kurudishwa bila kumuumiza. Nataka mikono yangu iwe imeshajua siku wakirudi.