Kutu ya Bastola ya Mjomba Shomari

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo, mwanangu, mikono inanitetemeka nisiweze kushika kikombe. Usicheke. Hapa Tangini wanasema ni uzee. Uzee ninao, sikatai, lakini kutetemeka huku kulinianza ningali msichana.

Nilikuwa nimeolewa upande wa Kisarawe, tukilima mihogo na mpunga kidogo bondeni. Nchi ilikuwa ya Mwingereza. Mjomba wa mume wangu, marehemu Mjomba Shomari, alipofariki, ikabidi arithiwe, maana kwetu siku zile jina la mtu halikuachwa lipotee. Mpwa ndiye hulichukua. Basi siku ya kuanua matanga, mume wangu Kondo akakalishwa mkekani, akavishwa kanzu ya mjomba wake, akapewa jina lake na silaha yake. Tangu hapo hata mama yake mzazi, dada wa marehemu, akawa anamwita "kaka". Nyinyi mtaona vituko. Sisi tuliona ndiyo heshima yenyewe.

Warithi wengine walipewa mkuki au upinde. Kondo alipewa bastola. Mjomba Shomari alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani na Waingereza, akarudi nayo kutoka Rufiji, akaificha kwenye makuti ya paa mpaka anakufa. Ilikuwa ya zile zenye gurudumu la matundu, kila tundu kwa risasi yake. Kutu ilikuwa imeila, na mpini wake wa mbao umelika mahali pa kidole gumba. Desturi ni mrithi kuionyesha silaha mbele ya watu. Kondo, mwenye mbwembwe zake, akaielekeza tulikokaa wanawake, akakaza kidole kama anayefyatua. Chuma kikagoma. Tukacheka, tukapiga vigelegele, mimi nikiwa mbele kabisa na Zuhura wangu mchanga mapajani.

Baada ya matanga ukaja ubishi. Mama mkwe alitaka bastola irudishwe kama kaka yake alivyoitoa vitani, ing'ae na gurudumu lizunguke. "Jina zima, silaha mbovu?" alikuwa akisema. "Mnataka kaka yangu achekwe huko aliko?" Kondo yeye alitaka igeuzwe: mtutu ukatwe, liwekwe bomba la gobore, aishindilie baruti apige nguruwe waliokuwa wakitumalizia mihogo. Walibishana asubuhi, walibishana kwenye chakula. Mimi nilikuwa naogopa boma la serikali tu. Mtu mweusi kukutwa na bastola isiyo na kibali kulikuwa na maana moja, jela, na mbwa akibweka nilikuwa naona askari kanzu wako mlangoni.

Mwishowe wakakubaliana ipelekwe kwa fundi, yeye aseme lipi linawezekana. Mama mkwe akanipa niisafishe kwanza, tusimpelekee mtu kitu kichafu. Nikachukua mafuta ya taa na kijiti cha chelewa. Kijiti kilizama vizuri katika matundu mengine. Katika tundu moja kikagota karibu kabisa na mdomo. Nikamwambia Kondo.

"Kutu hiyo," akanijibu. "Wewe mambo ya silaha umeyajulia wapi?"

Nikaendelea kusafisha. Mke kijana mbele ya mali ya urithi wa ukoo ni mgeni, na mgeni haulizwi neno.

Fundi mwenyewe, Mzee Yakobo, alikuwa mfua majembe huko Maneromango. Tulimwacha Zuhura kwa bibi yake, bastola nikaiweka chini ya kikapu, juu nikafunika kisamvu, kwa kuwa kikapu cha mwanamke hakipekuliwi. Ndivyo tulivyoamini. Njiani tukakutana na tarishi wa jumbe, yuko juu ya baiskeli. Akasimama, akasalimiana na Kondo vizuri, kisha akanigeukia.

"Kisamvu chako kizuri, dada. Nipunguzie kidogo nimpelekee mama watoto."

Na mkono wake tayari umo kikapuni! Nikachota haraka makonzi mawili nikamjazia mfuko, huku nikimwambia apokee tu, asijichafue. Alipoondoka, nikakaa chini barabarani. Kondo akaniambia niinuke, tunachelewa.

Mzee Yakobo tulimkuta chini ya banda lake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaipokea bastola na kuigeuzageuza. Kondo akamweleza matakwa ya mama na matakwa yake mwenyewe. Mzee akasema hayo ya baadaye, kwanza chuma kilegee. Kila kilichomfikia kimeshikana kwa kutu, liwe panga, liwe jembe, alianza kwa kukitia moto. Akaifukia bastola kwenye makaa, akamwambia Kondo amsaidie mivukuto. Kondo akachuchumaa, uso wake unautazama moto.

Mimi nilikaa pembeni juu ya gogo. Makaa yakaanza kuwa mekundu. Nilikumbuka kile kijiti kilivyogota. Niliogopa kile kilichomo ndani ya lile tundu. Na wallahi, mwanangu, niliogopa zaidi kumwaibisha mume wangu mbele ya mzee wa watu. Kondo alivukuta, moto ukanguruma, na mimi bado nimekaa nachagua kati ya aibu na kifo.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Kuna tundu limeziba!"

Hakuuliza. Aliinasa bastola kwa koleo, akaitupa kwenye karai la maji, akatupigia ukelele, "Laleni!" Tukalala kifudifudi kwenye majivu. Maji yalichemka na kufoka. Nilijiziba masikio nikawa natamka shahada, nikimwona Zuhura anakua bila baba, pengine bila mama pia. Tulikaa vile mpaka kuku wake akaja, akanywa maji ya lile karai na kwenda zake. Ndipo mzee akainuka.

Akaifungua taratibu kwa mafuta na nyundo ndogo, akiigeuzia ukutani. Gurudumu lilipochomoka, risasi ikadondoka. Shaba yake ilikuwa imeota ukijani.

"Ulijua tangu lini, binti?" akaniuliza.

"Tangu nyumbani, mzee."

"Ukamwambia nani?"

Kondo alitazama chini.

"Mmetoka kote huko kuniuliza niirudishe au niigeuze," mzee akasema, na sasa sauti yake ilikuwa kali. "Hata mmoja wenu hakuniambia ndani mna nini. Mngeniua nyumbani kwangu."

Kondo akakaa chini kwenye majivu. Nilidhani ni kwa maneno ya mzee. Kumbe mawazo yake yalikuwa yamerudi mkekani, siku ya matanga.

"Mama Zuhura," akaniambia, "mimi siku ile nilikaza kidole."

Ndipo na mimi nikaelewa. Ile kutu tuliyoionea haya, tuliyoibeba kikapuni mpaka Maneromango ili itolewe, ndiyo peke yake iliyosimama kati ya risasi ile na kichwa cha Zuhura wangu. Nililia pale kwa mfua majembe bila kujali nani ananiona.

Haikurudishwa, haikugeuzwa. Kondo mwenyewe aliomba ivunjwe. Mzee akautoa mpini wa mbao tumpelekee mama mkwe, chuma akakiponda mpaka kikawa chuma tu, risasi akaitumbukiza chooni. Mama mkwe tulipomsimulia hakubisha. Alimchukua Zuhura akalala naye, na kesho yake vilevile.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiachiwa kitu na wakubwa wako, usikimbilie kubishana kama utakifanya kipya au utakigeuza kiwe kingine. Kwanza kiangalie ndani, na ukishike kana kwamba bado kinaweza kuua. Msikilize na yule ndani ya nyumba asiye na haki ya kusema, maana mara nyingi ndiye aliyetumwa kukisafisha. Na kama yule ni wewe, sema. Aibu ya mume wangu ingekwisha kabla hatujafika nyumbani. Kaburi lake lisingekwisha.

Mungu akulinde na usiyoyaona, akupe masikio ya kusikia wadogo, na siku hofu itakapokukaba koo, akufungue mdomo mapema kuliko alivyonifungua mimi. Amina.