Mikono Karibu, Usiguse

Dada yangu anaitwa Komando, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Kabla ya kwenda chuo alikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, na wabebaji walipochelewa alijitwika mifuko ya saruji mwenyewe huku akiwatukana. Hakuna anayemshinda kupanda ngazi. Hakuna anayemshinda kwa wivu pia, lakini ukimwambia hivyo atakununia juma zima, kwa hiyo nalisema hapa ambapo hanisikii.

Wivu wake ni juu ya mama. Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akatiwa chuma, mfupa ukaunga vizuri, na daktari akasema miguu haina neno, kilichobaki ni mwenyewe kusimama. Hakusimama. Kila asubuhi Komando alimtia mikono kwapani akamwinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na jioni akamrudisha. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, pembeni tu ya kiti hicho. Lakini kila nilipoinuka kusaidia niliambiwa, "Wewe shona." Mama alikuwa wake.

Ndipo akajiunga na chuo, kozi ya jioni ya ualimu wa mazoezi ya viungo. Wengine walikwenda kutafuta ajira, wengine kutafuta kiuno. Komando alikwenda kutafuta namna ya kumsimamisha mama, basi. Majina ya misuli aliyachora kwa chaki yangu ya kukatia nguo kwenye mguu wa mama, kuanzia paja hadi kifundo, na mama akakaa hivyo mpaka wakati wa kuoga, akisema amegeuzwa ramani.

Chuoni alikuwa moto. Kuruka, kuchuchumaa, pushapu, kote alikuwa wa kwanza, na kioo kikubwa cha ukumbini kilimshuhudia. Kitu kimoja tu kilimshinda. Unapomsimamia mtu anayejaribu jambo gumu, mikono yako inatakiwa iwe karibu na mwili wake lakini isimguse, mpaka aanguke kweli. "Mikono karibu, usiguse!" Mwalimu wao, Kocha, alikuwa akipiga kelele, na filimbi juu yake. Komando aligusa. Mtu akitetemeka kidogo tu, yeye keshamdaka.

"Umemwokoa na nini?" Kocha alimuuliza siku moja mbele ya darasa zima. "Alikuwa hajaanguka."

Alirudi nyumbani amefura, akasema Kocha ana chuki binafsi.

Darasani kwao kulikuwa na mama mmoja muuza viatu waliyempa jina la Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake kwa kila kitu. Mnene, mzito wa hatua, akipanda ngazi anapumzika katikati na kuwajulia hali watu wanaoshuka. Komando alikuwa akituigizia pushapu za Taratibu mpaka tunashika mbavu. Kicheko kikaisha siku Kocha alipotangaza mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alete mtu wa kufundishwa hadi mwisho wa kozi, lakini hakuna ruhusa kumfundisha ndugu yako. Watu wanabadilishana. Komando, ambaye jina la mama alishaliandikisha kwa mbwembwe, akapewa kaka yake Taratibu, fundi saa mwenye kitambi. Mama akaenda kwa Taratibu.

"Kwa yule?" Komando alizunguka sebuleni mpaka vitambaa vyangu vikapeperuka. "Yule hata yeye mwenyewe kuinuka ni shughuli! Atamwinua nani?"

Taratibu alikuja, akavuta kigoda, akakaa. Akakaa tu. Walizungumza bei ya viatu, wakwe wakorofi, na mtu fulani aliyenunua viatu viwili vyote vya mguu wa kushoto. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Karibu na kuaga ndipo Taratibu akasema, "Haya mama, sogea ukingoni mwa kiti. Basi. Leo hilo linatosha."

"Ndiyo mazoezi hayo?" Komando aliniuliza jikoni, akigonga sufuria kama zimemkosea. "Soga!"

Siku zilizofuata alizidi kuumia. Mama alianza kuomba kitambaa chake kizuri cha kichwa. Mlango ukilia tu, shingo ilimrefuka. "Leo haji?" aliuliza, na Komando, ambaye alikuwa palepale akimkanda miguu, akajibu, "Mimi je, ni fenicha?" Akimwambia wafanye mazoezi wawili, mama husema amechoka. Taratibu akiingia, uchovu unayeyuka. Niliona jinsi kijicho kilivyomkaba dada yangu. Hakuwa akila vizuri. Alikuwa akitega sikio kwenye vicheko vyao na kuuliza wamecheka nini, akiambiwa, haoni cha kuchekesha. Na mimi niseme kweli, moyo wangu uliburudika kidogo. Miaka yote mimi ndiye nilikuwa nje ya mlango huo. Sasa nilikuwa na mwenzangu.

Halafu ikaja ile siku. Komando alikuwa amekwenda kumkimbiza fundi saa mazoezini. Taratibu alikuwa amesimama mbele ya kiti, mikono yake minene imekumbatia hewa pande zote mbili za mbavu za mama, bila kumgusa. Mama alikuwa ameegemea mbele, viganja juu ya magoti, na makalio yake, nilishuhudia kwa macho yangu, yalikuwa yameachana na kiti. Nilisimamisha cherehani. Mama alitetemeka mwili mzima, uso umekunjamana, akipanda.

Mlango ukafunguliwa. Komando hakuuliza. Alitupa mkoba, akaruka sebule yote, akamkumba Taratibu kando, akamdaka mama kwapani.

"Ataanguka!"

"Alikuwa anasimama," Taratibu akasema.

"Niache!" Mama alifoka. Hatukuwa tumewahi kumsikia akimfokea Komando. "Niache, nimesema!"

Komando akamkalisha. "Kwake unasimama? Nani aliyekuinua siku zote? Nani aliyekuosha? Kwangu unalegea kama nguo mbichi, kwa muuza viatu unasimama?"

Mama alihema kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mikono yako inafika kabla sijaamua. Ukinishika tu, najua umeshaniona chini."

Taratibu alichukua kigoda chake akakirudisha ukutani, akaaga. Komando aliingia bafuni, akafungua maji, na akakaa huko mpaka nikamgongea.

Siku ya mtihani nilimsindikiza mama. Komando alishamaliza zamu yake na fundi saa, akapita, ingawa Kocha alisema bado mikono yake ina haraka. Sasa alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi. Mama aliwekwa kwenye kiti mbele ya kioo, Taratibu akasimama mbele yake, mikono karibu. Mama akaegemea. Akainuka kidogo, akakwama. Magoti yakagongana. Macho yake yakamwacha Taratibu, yakamtafuta dada yangu.

Nilisikia benchi likilia. Niligeuka nikijua keshachomoka. Hapana. Komando alikuwa amekalia viganja vyake vyote viwili, amevikandamiza kwa uzito wake wote, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni bila mtu wa kuyafuta.

Mama akasimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine, ukumbi ukalipuka kwa makofi, naye akamwangukia Taratibu shingoni akisema, "Mwanangu, mwanangu."

"Umesikia?" Komando aliniambia njiani, akinifinya mkono. "Kamwita mwanangu."

"Nimesikia."

"Mara mbili."

Asubuhi yake niliamka nikamkuta Komando chumbani kwa mama. Alikuwa amesimama kando ya kitanda kama alivyozoea, ameinama, mikono imenyooshwa tayari. Kitanda kilikuwa kitupu, na shuka imetandikwa. Hakugeuka niliposogea. Aliitazama mikono yake kana kwamba imemwuliza swali.

"Mnangoja nini huko?" Sauti ilitoka jikoni. "Chai inapoa!"

Mama alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anamimina. Nusu ilimwagika. Komando alipiga hatua moja kumwelekea, akajizuia, akaifunga mikono nyuma ya mgongo. Akavuta kiti akakaa, akausogeza mdomo kwenye kikombe bila kunywa.

"Na yeye umeshampikia?" akauliza.

"Nani?"

"Si huyo Taratibu wako."

Mama alijishusha kwenye kiti polepole, peke yake, akapumua. "Sijampikia mtu yeyote tangu nianguke. Wewe ndiye wa kwanza."

Chai ilikuwa na sukari ya kuua mtu. Dada yangu, ambaye tangu aanze chuo hagusi sukari na hatuachi sisi tuiguse kwa amani, aliinywa mpaka tone la mwisho, kisha akaivuta na ile ya kwangu, ambayo sikuwa nimeionja, akainywa na hiyo.