Taa Iliyomzimikia Mwanaidi

Nilitoka Morogoro kwa sababu Hamisi, mtoto wa mdogo wangu Mwanaidi, alinipigia simu. "Mama mkubwa, njoo. Mama hali chakula. Anasema nyumba imeshamhesabu na wafu." Mwanaidi yuko edani, mumewe Salumu tumemzika juzijuzi tu.

Asubuhi nikapanda treni ya umeme. Haina moshi, haitikisiki; niliona tu milima inarudi nyuma. Anitha, binti niliyekaa naye kiti kimoja, akacheka: "Bibi, mbona umekishika kiti kama tunazama?"

Stesheni ya Dar nikachukua bajaji, nayo ya umeme. Dereva ni Frank, kijana wa Marangu. Kariakoo yote inapiga kelele, sisi tunapita katikati kimya, watu hawageuki, hawapishi.

"Frank mwanangu, piga honi wajue tupo."

"Tupo sana, bibi!"

Tukafika kwa Mwanaidi, Mchafukoge, adhuhuri. Ghorofa la jirani limeziba dirisha, sebuleni giza mchana kweupe. Nilipoingia tu, taa ikawaka, na hakuna aliyegusa ukuta. Ndipo nikamwona Mwanaidi kwenye kochi, kajifunika kanga, uji mbele yake umeganda. Nikampa pole, nikakaa. Tukatulia. Taa ikazimika.

"Umeona, dada?" sauti ikatoka gizani. "Siku za Salumu haikuzimika hata mara moja. Kafa yeye, inanizimikia mimi."

Hamisi akaingia, ikawaka. "Mama, nimeshakueleza. Ina jicho. Ikiona mtu anajongea inawaka, akitulia inajizima, isile umeme bure."

"Na baba yako alikuwa anacheza ngoma hapa?"

Hamisi akainua macho kuitazama taa. Mimi nywele zilinisimama. Kisha nikaukumbuka mkono wa kulia wa Salumu, ulivyokuwa ukitetemeka tangu apatwe na maradhi, kikombe kikigonga kisahani kutwa nzima.

"Mwanaidi," nikasema, "mkono wake."

Akanitazama. Halafu akalia, kilio alichokuwa hajalia tangu mazishini, mabega yakimruka, na taa ikakaa inawaka. Alipotulia akaomba uji upashwe moto.

Nilikaa naye hadi akazoea kula, nikamwachia ukili wangu wa mkeka asuke, ndipo nikarudi. Nilichojifunza ni hiki: mfiwa usimwekee taa ya namna ile bila kumpa kazi ya mkono.

Nimefika nyumbani, Hamisi kapiga simu. "Mama mkubwa, anasuka kutwa, taa haizimiki!"

"Mwache," nikamwambia. "Umeme utanunua."