Cheche za Jirani Yangu

Mimi ndiye niliyeanza. Nataka hilo lijulikane kwanza, ingawa najua mbele ya Mungu halina uzito.

Nilipostaafu, baada ya miaka mingi ya kufundisha fizikia asubuhi na dini baada ya alasiri, nilibaki na mikono isiyo na kazi. Nikaanza kujenga koili ya Tesla katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu hapa mtaani Noonkopir, Kajiado. Chombo hiki kina koili mbili. Ya chini ni mizunguko michache ya waya mnene. Katikati yake husimama bomba la plastiki lililozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, zaidi ya mara elfu moja. Ukiiwasha, umeme hupanda bomba na kuruka hewani kutoka kichwani, kama radi ndogo. Waya ule niliuzungusha kwa mkono wiki tatu. Kila nilipopoteza hesabu nilirudi nyuma, nikamshukuru Mola kwa subira. Cheche ya kwanza ilikuwa na urefu wa kidole. Kwa marekebisho ya miezi kadhaa ikafika shibiri.

Jirani yangu alikuja kuitazama. Tulitoka pamoja kaskazini mashariki mwa nchi tukiwa vijana, na kwa miaka mingi yeye alizunguka Kajiado nzima akitengeneza mota za visima vya mifugo, mpaka goti likamkataza. Tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na kugombana na redio.

“Warya, mwalimu,” akaniita kwa lugha ya kwetu, “hii kitu inalia kama nyuki. Inafanya kazi gani?”

“Inapasua hewa.”

“Hewa ilikukosea nini?”

Tukacheka. Lakini aliinama akaitazama muda mrefu, akauliza bomba nimenunua wapi.

Miezi miwili baadaye, Ijumaa baada ya alasiri, aliniita kwake pamoja na wazee watatu wa msikitini. Koili yake ilikuwa imesimama uani. Waya wake ulikuwa umelala safi, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi hata moja. Mikono iliyosuka waya za mota nusu ya maisha yake haikuhitaji wiki tatu. Aliiwasha. Cheche zikatoka dhiraa nzima, zambarau, zenye matawi.

Wazee wote wakasema mashallah. Mimi nikasema, “Mbona imeinama upande wa kushoto?”

Haikuwa imeinama.

Nimefundisha watu kuhusu husuda miaka mingi. Najua milango yake yote, na bado nilirudi nyumbani nikaivua koili yangu waya, nikaanza upya, nikikaza midomo. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni meno.

Wiki iliyofuata jirani alinijia, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu goti limshinde. “Mwalimu, wewe ndiye mwenye elimu. Nikiipandisha hii koili ya chini kidogo, ikae juu zaidi kwenye bomba, moto si utaongezeka?”

Nilijua jibu. Katika yale marekebisho yangu, koili yangu ya kwanza iliungua hivyo hivyo. Ukiipandisha mno, umeme hauendi tena kichwani. Unakimbia juu ya mwili wa bomba na kuchoma vanishi ya waya. Nilijua, na nilikuwa na nafasi ya kusema.

“Jaribu,” nikasema. “Inshallah.”

Hilo neno la mwisho ndilo lililoniuma baadaye kuliko yote. Nililiweka juu ya ubaya kama mtu anayefunika sufuria.

Iliungua siku ya pili. Mstari mweusi ulishuka bomba zima. Yeye hakuwaza koili ya chini hata kidogo. Kwa watu wetu kitu kizuri kikiharibika ghafla baada ya kutazamwa, swali la kwanza ni jicho la nani, na dawa inajulikana: wote waliokitazama watawadhe, maji yao yakusanywe, amwagiwe aliyepatwa. Akatuita tena sisi wanne. Mke wake akaleta birika na beseni.

“Mimi simshuku mtu,” jirani alisema. “Nataka tu moyo utulie. Halafu hii takataka nitaivunja niuze shaba. Kitu cha kuleta jicho nyumbani hakina heri.”

Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kile kiti cha plastiki kilikuwa kimesharudishwa mlangoni.

Mzee wa kwanza alinawa uso na mikono. “Sasa haya maji tunamwagia yeye ama mashine?”

“Mwagia mashine,” wa pili akajibu, “tukuzike kesho.”

Walicheka. Zamu yangu ikafika. Nilielewa kwamba ningeweza kunawa tu. Kosa langu lingeingia kwenye beseni pamoja na la kila mtu, hakuna ambaye angejua, na koili ingebaki moja tu mtaani, yangu. Mke wa jirani akainua birika.

“Si jicho,” nikasema. “Ni koili ya chini. Uliipandisha sana. Nilijua itaungua, na nikakwambia ujaribu.”

Birika likabaki hewani. Jirani alinitazama mpaka nikaangalia chini.

“Ulijua?”

“Yangu iliungua hivyo.”

“Na ile siku ya kwanza, hukusema mashallah. Nilisikia.”

“Sikusema.”

Jirani akamgeukia mkewe. Akamwambia, “Mmwagie. Huyu anawe mara mbili. Moja ya jicho, moja ya mdomo.”

Mmoja wa wazee akakohoa kuficha kicheko. Nilinawa mara mbili, polepole, na maji yalikuwa baridi. Nilimshukuru Mungu kwa hayo maji na kwa aibu pia.

Jumatatu nilikwenda kwake na kibunda cha waya niliokuwa nimejiwekea. Alipokea bila kusema ahsante, na alikuwa na haki. Yeye alizungusha, mimi nikashika bomba. Siku nne. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, na kila mzunguko uliolala vizuri ulinichoma kidogo, sitasema uongo.

Tulipomaliza, alinipa kipande cha chaki.

“Mwalimu. Koili ya chini ikae wapi?”

Mahali panapofaa nilipajua kwa macho tu. Nilipopeleka chaki pale, mkono ulitaka kushuka, upana wa vidole viwili hivi, ili cheche zake zipungue kidogo na asijue kwa nini. Niliushika kwa mkono wa pili, nikapiga mstari.

“Hapa,” nikasema. “Usizidishe.”